Mdogo wangu anatoka gerezani ameshika dini. Tumpokeeje?

"Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kiume yuko Maweni, Tanga. Alihukumiwa miaka sita kwa kuvunja duka la jirani yetu usiku na kuiba. Wakati ule alikuwa anabwia unga. Kwa hesabu tulizopewa anatoka miezi michache ijayo. Huko ndani ameshika dini: amehifadhi juzuu, anaswalisha wenzake selo, amejifunza na useremala. Mimi nafurahi, ila nyumbani tumegawanyika. Mama anasema dini ya jela huishia getini. Mjomba ana hofu nyingine: barua zake siku hizi ni aya tupu, na amemwandikia dada yetu mdogo aache kazi ya saluni. Mjomba anasema ameingizwa kwenye siasa kali. Mwenye duka tunaswali naye msikiti mmoja hapa Ngamiani na hajalipwa hata senti. Yeye mdogo wangu anasema ameshatubu na Mungu amemsamehe. Imamu anataka Ijumaa ya kwanza asimame awape vijana mawaidha. Mkewe yuko kwao Muheza na mtoto, hajaomba talaka, lakini watu wanasema ndoa ilikwisha siku ya hukumu. Je, tumuamini? Na tumpokeeje?"

Wa alaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Swali lako la kwanza, kama mumuamini, ndilo linalowagombanisha, na ndilo ningependa mliweke kando kwa sasa. Halina jibu leo. Hata yeye mwenyewe hana. Imani ya mtu inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa haijapita mtihani wake, na mtihani wa mdogo wako haumo ndani ya Maweni. Uko Ngamiani, siku atakapokuwa na elfu kumi mfukoni, mama kamnunia, kazi hana, na mtu wa maskani ya zamani anampigia mluzi. Mnapobishana kama ametubu au anaigiza, mnabishana juu ya jambo lililo baina yake na Mola wake. Lililo mikononi mwenu ni jingine: akitoka atakuta nini.

Mama asikemewe kwa ile kauli yake. Ameyaona kwa watoto wa wenzake, na mimi niliyefundisha darsa magerezani nimeyaona pia. Lakini sababu yake sivyo anavyodhani. Watu wengi wanaoacha swala baada ya kutoka hawakuwa wakidanganya walipokuwa ndani. Tazama siku ya mfungwa ilivyo. Anaamshwa, anahesabiwa, anakwenda kazini na nyapara, anakula saa aliyopangiwa, anahesabiwa tena, na mlango wa selo unafungwa jua likingali juu. Maghribi, Isha na Alfajiri zote zinaswaliwa humo humo, safu zimebanana, na maji yasipotosha watu wanatayamamu. Simu hakuna, kijiwe hakuna, mdai hakuna. Katika hali hiyo moyo hupata nafasi ambayo sisi wa nje tunaitafuta hatuipati. Na mtu hupata wenzake: kundi la swala ni ulinzi, ni heshima, ni mahali pa kuitwa ustadhi baada ya miaka ya kuitwa teja. Wapo hata waliosogea kwenye safu kwa sababu ya tende na futari ambazo wahisani hupeleka mwezi wa Ramadhani, na mimi huyo simwiti mnafiki. Kila mtu na mlango alioingilia.

Sasa ondoa ile ratiba yote kwa siku moja. Mtu ambaye kwa karibu miaka minne (sita hupunguzwa, nitaeleza mwishoni) hajachagua saa ya kuamka wala chakula cha mchana anapewa siku nzima aichague mwenyewe. Kelele za mtaa zinamuumiza kichwa. Usiku halali vizuri, kwa sababu amezoea kulala taa inawaka na watu wamemzunguka. Alfajiri ya kwanza anaamka, ya tano inampita, na mama anasema, "Si niliwaambia?" Hapo ndipo panapoharibika. Kijana anajiona kumbe alikuwa muongo, anaona haya kurudi msikitini, na watu pekee ambao hawamwonei haya ni wale wa maskani. Kwa hiyo kubalianeni mapema, mama akiwemo, kwamba Alfajiri zitampita na hakuna atakayesema neno. Bukhari amepokea kwamba mtu aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa kunywa pombe, akapigwa, kisha mmoja wa waliokuwepo akamwapiza Mungu amfedheheshe. Mtume akawakataza: wasimsaidie shetani juu yake. Ningependa mjomba na mama waisikie hadithi hiyo kutoka kwa mtu wanayemheshimu kabla ya siku ya kutoka, wala isiwe kutoka kwako.

Kuna mawaidha tumeyazoea sana magerezani: kuwaambia wafungwa kwamba Nabii Yusuf naye alifungwa. Ni kweli, na faraja ipo. Lakini Yusuf alifungwa bila kosa, mdogo wako alivunja duka la mtu. Akitoka na picha ya kuwa yeye ni Yusuf, mwenye duka atakuwa nani katika kisa hicho? Nikiwa na nafasi ya kusema naye ningemrudisha kwenye hadithi ya yule mlevi: mtu aliyekosa, akaadhibiwa, na bado akaitwa ndugu.

Hilo linatupeleka dukani, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo penye uzito kuliko vyote ulivyoandika.

Mdogo wako anasema ametubu na Mungu amemsamehe. Rehema ya Mwenyezi Mungu hatuiwekei mipaka. Lakini wanazuoni wamekubaliana kwamba toba ya kosa linalogusa haki ya mtu haikamiliki kwa kuacha, kujuta na kuazimia tu. Kuna sharti la ziada: haki irudi kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Wala kifungo hakikulipa deni lile. Kifungo ni adhabu ya serikali. Mwenye duka hakuingiziwa chochote kwa siku zile zote ambazo mdogo wako alikuwa anahesabiwa Maweni. Yeye amekaa kila Ijumaa safu moja na familia yenu, akawapa salamu, akanyamaza. Msione kunyamaza huko kuwa amesahau.

Mwende kwake kabla kijana hajatoka. Wewe na mzee mmoja anayeheshimika naye, basi. Msiende kuomba msamaha kwa niaba yake, maana huo ni wake yeye kuuomba. Nendeni kusema: anatoka mwezi fulani, tunajua hukulipwa, tungependa kusikia unataka nini. Kisha msikilize. Huenda akataja thamani ya mali, huenda akataka tu kijana asipite mbele ya duka lake kwa muda, huenda akafoka. Yote ni haki yake. Tafuteni pia nakala ya hukumu mahakamani muone kama hakimu aliamuru fidia, kwa sababu kama ipo, hilo ni deni la kisheria na kiasi chake kimeshatajwa. Mkielewana malipo kidogo kidogo, andikeni, hata kama ni elfu ishirini kwa mwezi, na mashahidi watie sahihi. Kijana mwenyewe ndiye alipe kwa mkono wake kutoka jasho lake. Mkimlipia yote nyinyi, mmemnyima kitu kikubwa.

Mambo mawili nawaomba msiyafanye. Msimsimamishe kijana aombe msamaha mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa. Inaonekana unyenyekevu, lakini kwa mwenye duka ni kubanwa: atakataaje mbele ya msikiti mzima? Na msimsomee aya ya kumpa muhula mwenye shida. Aya hiyo, ya 280 katika Suratul Baqara, anaisoma mdai mwenyewe akitaka. Mdaiwa akimsomea mdai wake inageuka fimbo. Akikataa kusamehe, akakubali malipo tu, mmepata kingi. Akikataa vyote, wekeni fedha kila mwezi pembeni kwa jina lake na mumrudie baada ya muda kupitia yule mzee.

Imamu wenu nia yake njema, na ombi lake si zuri. Nimeona vijana wakipandishwa kusimulia maisha yao wiki ya kwanza, watu wakalia, wakatoa takbira, wakachanga. Baada ya hapo kijana hana pa kuteleza. Amekuwa mfano wa mtaa kabla hajawa mtu wa kawaida, na siku akivuta hata sigara, habari inafika sokoni kabla yake. Kuna na jambo la dini yenyewe. Mtume (s.a.w.) amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaoyatangaza maovu yao, mtu aliyesitiriwa usiku na Mola wake kisha asubuhi akayaanika mwenyewe. Kesi ya wizi inajulikana, hilo halifichiki. Lakini yale ya maskani, ya unga, ya nani alifanya nini usiku gani, hakuna sababu ya kuyamwaga mbele ya watoto wa madrasa. Mwambieni imamu kwa adabu: mpe kazi, usimpe mimbari. Kukunja mikeka, kujaza madumu ya maji ya udhu, kutengeneza rafu za misahafu ikiwa kweli ni seremala. Baada ya mwaka, yeye mwenyewe akitaka kusema na vijana, aseme.

Na kama kuna jambo moja la kumwomba imamu, ni hili. Amteue mtu mmoja, mwanamume wa makamo mwenye kazi yake na asiye na maneno mengi, ambaye atakuwa mwenzake. Wakutane Alfajiri au Isha, wanywe kahawa, basi. Ustadhi anayekwenda kufundisha gerezani anamjua mdogo wako kuliko mnavyomjua nyinyi sasa. Mtafuteni kupitia BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) ya mkoa au taasisi anayotoka, mumwombe amkabidhi kijana kwa huyo mtu, hata kwa kumtembeza gerezani mara moja kwa ruhusa ya mkuu wa gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilizopitishwa mwaka 2015, zile zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinasema maisha ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu kifungo kinapoanza. Kwa hali halisi ya kwetu kazi hiyo huiangukia familia na msikiti.

Mjomba sasa. Hofu yake nisiidharau. Tanga imepitia mambo yake na watu wana sababu ya kuwa macho. Lakini barua zilizojaa aya ni barua za mwanafunzi mpya. Ndivyo anavyoandika mtu aliyepata kitu baada ya kukosa kila kitu. Kumwambia dada yake aache saluni ni ukali wa mgeni wa elimu, na jibu lake ni la kifamilia: mwelezeni fedha ya saluni hiyo hiyo imesaidia nini nyumbani yeye akiwa ndani. Mwandikieni hivyo bila matusi. Ataona. Ishara za kuhofia ni nyingine kabisa. Anawaita Waislamu wenzake makafiri, wewe na mama mkiwemo. Amewakata watu wote isipokuwa kikundi kimoja msichokijua. Ana fedha au safari asizotaka kuzieleza. Anafurahia habari za watu kuuawa. Mkiona hayo, msiyajadili naye usiku kucha sebuleni. Mwende kwa sheikh mwenye elimu na uzito wa kumkabili kwa hoja, na ikiwa kuna mpango wa kudhuru mtu, mwende polisi. Ila mjomba asimpachike jina hilo kijana kwa sababu tu anaswali sana. Jina hilo likishatoka mdomoni kwa mjomba halirudi, na litamfukuza kijana kutoka msikiti wenye watu wazima hadi chumba chenye watu wale wale ambao mjomba anawaogopa.

Unga unanitia wasiwasi kuliko aya.

Umeandika kwa sentensi moja kwamba alikuwa anabwia, kama jambo lililokwisha. Lisomeni hili wote nyumbani. Mtu aliyekaa muda mrefu bila heroini, yaani huo unga, mwili wake umesahau kuihimili. Kipimo kile alichokuwa akitumia kabla ya kukamatwa, ambacho kilikuwa kikimtoa arosto tu (maumivu ya kuukosa), sasa kinaweza kumzuia kupumua. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani ni za hatari sana kwa aliyewahi kutumia, na ndiyo maana wengine hufa siku ya "mara moja tu ya kukaribishwa". Yeye mwenyewe aambiwe, kwa maneno haya haya. Mkimkuta anakoroma ajabu, pumzi zimeachana, midomo imebadilika rangi na haamki mkimtikisa, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Msimmwagie maji wala msimnyweshe maziwa.

Kuhifadhi juzuu hakuponyi uraibu. Nalisema nikiwa mtu wa dini. Ibada inampa sababu ya kukataa, na sababu ni kitu kikubwa, lakini ubongo uliozoea unga unaamshwa na vitu vidogo: kichochoro, harufu, sauti ya mtu fulani, hata mvua kama zamani alikuwa akibwia siku za mvua. Miaka minne ya kutengwa haikuvifuta vitu hivyo, ilivificha tu. Hamu ikirudi, isichukuliwe kuwa toba imevunjika. Aseme kwa yule mwenzake wa msikitini, aondoke eneo lile, na akiona anazidiwa aende hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, aulize huduma za waathirika wa dawa za kulevya. Akiangukia kwenye matumizi tena, tiba ya methadone ya serikali hutolewa bure chini ya uangalizi. Nawajua mashekhe wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Siafikiani nao: dawa anayopimiwa mgonjwa na daktari, akainywa mbele ya muuguzi ili asife na asiibe, ni tiba.

Akae wapi? Mna nyumbani Ngamiani, na naamini mnaye ndugu nje ya mji au Dar. Nyumbani kuna mama, kuna msikiti na kuna wewe, lakini pia kuna maskani na kuna duka. Kwa ndugu Pangani au Korogwe kuna utulivu, ila hakuna anayemjua vizuri kiasi cha kugundua akianza kubadilika. Dar mimi siipendi kwa miezi ya mwanzo: jiji kubwa, hakuna anayemuuliza, na unga unapatikana. Kama mwenye duka ameomba kijana asionekane kwanza, au maskani iko mlango wa pili, ningeanza na ndugu wa wilayani kwa miezi michache, aje Ngamiani kwa kutembelea. Kama hayo hayapo, nyumbani. Popote atakapokuwa, mwenyekiti wa mtaa ajulishwe na familia mapema, na watu wa ulinzi shirikishi pia. Unajua kwa nini. Kuku akiibwa mtaani, jina la kwanza ni lake, na wananchi wenye hasira kali hawaulizi alikuwa wapi. Heri mwenyekiti awe anajua kwamba kijana huwa karakana fulani mchana na msikiti fulani jioni.

Kazi ni nusu ya swala yake, kwa maana kwamba mtu aliyekaa bure hadi saa sita mchana hawezi kuilinda Adhuhuri. Useremala aliojifunza una thamani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi ambaye hakupita darasani kwao na kumpa cheti, na chuo chao kipo Tanga. Ulizeni ada na tarehe kabla hajatoka. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya vijana, haina riba na kwa Muislamu ni nafuu kubwa. Lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, na sitegemei vijana wenzake wampokee kwenye kikundi mwezi wa kwanza. Iwe ya mwakani. Mwanzo mzuri ni karakana ya fundi anayekubali kumlipa kwa siku. Fedha asishikishwe nyingi kwa mkupuo. Msiione kama dharau, na yeye aelezwe hivyo.

Watu wa msikiti wakitaka kumsaidia, Suratut Tawba aya ya 60 inataja mafukara, masikini na wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na mtu aliyetoka gerezani bila kitu mara nyingi anaingia hapo. Mnunulieni randa, msumeno na patasi kuliko kumpa noti. Wewe dada yake unaweza kumpa zaka yako ikiwa humlishi kwa wajibu. Sadaka kwa ndugu, kama ilivyokuja katika hadithi, ni sadaka na ni kuunga udugu. Mama ni tofauti, kwa kuwa ni mwanawe, asiihesabu zaka anachompa. Kuhusu kutumia zaka kulipa lile deni la duka, kwa Mashafi mtu aliyeingia deni kwa maasi kisha akatubu anaweza kusaidiwa, lakini sheikh wenu aamue baada ya kuijua kesi. Na kama nilivyosema, sehemu atoe yeye.

Ndoa haikwisha siku ya hukumu. Kifungo hakitoi talaka, si katika fiqhi wala katika sheria ya nchi. Kinachotokea ni kwamba mke anapata sababu ya kuomba: kwa madhehebu yetu akikosa matumizi anaweza kudai ndoa ifaskhiwe, yaani ivunjwe, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja kifungo cha miaka mitano na zaidi kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama ikipima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mdogo wako alipewa sita. Mkewe angeweza kuomba na hakuomba. Kama hakuna talaka iliyotamkwa wala ndoa kuvunjwa na mwenye mamlaka, bado ni mkewe na hakuna haja ya nikahi mpya.

Lakini usikimbilie kumletea Ngamiani. Kukaa kimya kwa mwanamke aliyelea mtoto peke yake kwao Muheza si lazima iwe ni kungoja. Nenda wewe, si mjomba, umuulize anataka nini, na umsikilize hata akikwambia amechoka. Kijana akitoka aende kumwona mtoto kwanza, kwa heshima, kwa idhini ya wazee wa mke, bila kudai chumba. Wakitaka kurudiana, wote wawili wapime afya kwanza, virusi vya Ukimwi vikiwemo. Hilo lisemwe na mama wa makamo kwa upande wa mke na yule mwenzake wa msikitini kwa upande wa mume, isigeuke shutuma. Wakishindwana, baraza la usuluhishi la ndoa, kwa wengi wetu ni la BAKWATA, ndilo pa kuanzia kabla ya mahakama.

Tarehe ya kutoka msiibahatishe. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inaruhusu mfungwa mwenye tabia njema na bidii ya kazi apunguziwe theluthi ya kifungo, ndiyo maana sita inakaribia minne. Rais naye ana mamlaka ya msamaha kwa Ibara ya 45 ya Katiba, na mara nyingi hutangazwa sikukuu za kitaifa kama tarehe 26 Aprili na 9 Desemba. Jina lake likiwemo, anaweza kutoka mkiwa bado mnapanga. Ulizeni ofisi ya gereza sasa. Ulizeni pia vitambulisho vyake viko wapi, maana bila namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole hasajiliwi laini ya simu, na bila laini hapokei fedha wala fundi hampati. Siku yenyewe mtu mmoja au wawili wamfuate getini na gari la kukodi, si familia nzima na dufu. Mkichelewa, wapo wengine wanaojua tarehe hiyo.

Baada ya hapo kuna mambo ambayo barua kama hii haiyatoshi. Akikaa wiki kadhaa bila usingizi, akishtuka kwa kila mlango unaofungwa, akisema afadhali angefia ndani au akizungumza kujidhuru, apelekwe Bombo aonwe na daktari wa afya ya akili siku hiyo hiyo, huku ruqya (kisomo cha Qur'ani) ikiendelea kama mnataka. Hakuna kinachogombana hapo. Akiinua mkono kwa mtu nyumbani, msimfiche kwa sababu ya aibu, ustawi wa jamii na polisi wapo. Na hata akitoka mzima wa afya, wiki ya kwanza apimwe kifua kikuu, ugonjwa unaopenda mahali watu walipobanana na hewa ni ndogo. Asione haya kumwambia mhudumu ametoka wapi. Kipimo na dawa katika hospitali za serikali ni bure. Kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, aswali nyumbani mpaka majibu yatoke, wazee wa safu ya mbele watamsubiri.